Juu ya Maneno Magumu katika Hamlet

Mwalimu afundishapo Hamlet, mchezo wa huzuni wa William Shakespeare, desturi yake ni kuandika ubaoni orodha ya maneno yasiyojulikana. Twaona ya kuwa orodha hiyo huacha nje maneno yenye hatari zaidi, yaani yale ambayo mwanafunzi hudhani ayajua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tutwae neno let. Siku hizi maana yake ni kuruhusu. Hamlet ataka kuufuata mzuka wa baba yake, rafiki zake wamshika, naye aapa kumwua yeyote atakayemtendea neno hilo. Mwanafunzi hushangaa: mbona amtishe ampaye ruhusa? Kumbe Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kuacha na kimoja cha kuzuia, vikaja kufanana kwa sauti. Hamlet asema hicho cha pili, ambacho leo hakisikiki sana ila katika maneno ya sheria. Makasisi watakikuta katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Warumi 1:13, Mtume Paulo asemapo kwamba alizuiwa asifike Rumi.

Vivyo hivyo rival, ambalo leo ni mshindani. Askari mwanzoni mwa mchezo awaita hivyo wenzake wa zamu. Na doubt kwa Hamlet ni kushuku kwamba jambo lipo, wala si kutosadiki. Afasiriye kwa maana ya leo huyageuza mawazo ya Hamlet juu chini.

Waingereza wa zamani zile walisumbuliwa na maneno ya namna nyingine. Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu, alitoa London mwaka 1604 kitabu cha maneno magumu yapata 2,500, hasa yaliyotoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Ndiyo kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Let halikumsumbua mtu siku hizo. Leo mengi ya maneno yale marefu yamezoeleka, na haya mafupi ndiyo yaliyohama.

Aliyeyashughulikia maneno ya Shakespeare kwa ukamilifu, makubwa kwa madogo, alikuwa Mjerumani: Alexander Schmidt, mwalimu wa shule huko Königsberg, aliyetoa kamusi yake kwa majuzuu mawili miaka ya 1874 na 1875. Hatustaajabu. Mgeni hulipima kila neno, hata lile ambalo mwenyeji hulipita bila kuliangalia.