Hivi Arsenal "ya asili" ni ipi?

Kuna sentensi moja ambayo kila shabiki wa Arsenal niliyewahi kukaa naye mbele ya televisheni ameshaitamka: "Hii siyo Arsenal." Nimeisikia Sinza, nimeisikia Tabata, nimeisikia hata ofisini usiku wakati ukurasa wa michezo unasubiri matokeo ndipo uende kiwandani. Ilisemwa mwaka 2018 alipoondoka Arsene Wenger na kuja Unai Emery. Ikasemwa tena baada ya Mikel Arteta kukabidhiwa timu Desemba 2019. Na ilizidi kusemwa pale mabao ya kona yalipoanza kuwa mengi kuliko yale ya pasi ishirini ambayo watu waliyazoea.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenifundisha swali moja la kichokozi: lini? Ukiniambia "zamani tulikuwa tunatandaza soka", nitakuuliza zamani ipi, msimu gani, kocha nani. Basi nikachukua majedwali ya ligi ya Uingereza nikaanza kuyasoma kwa kurudi nyuma, msimu mmoja baada ya mwingine. Nilichokikuta humo ndicho kimenifanya niandike haya.

Tuanze na namba, halafu tubishane.

Msimu wa 1990/91 Arsenal ilikuwa chini ya George Graham, yule Mskoti ambaye jina lake hadi leo likitajwa watu wanapiga miayo. Timu yake ilicheza mechi 38, ikafungwa mechi moja tu (na Chelsea, Februari 1991), ikaruhusu mabao 18, ikachukua ubingwa. Msimu wa 2003/04 Arsenal ya Wenger, ile ya Thierry Henry na Dennis Bergkamp, ile isiyofungwa, nayo ilicheza mechi 38. Ikaruhusu mabao 26, ikachukua ubingwa. Sasa niambie bila kuangalia popote: ipi ilifunga mabao mengi zaidi?

Henry na wenzake walifunga mabao 73. Timu ya Graham ilifunga 74.

Soma tena kama hujaamini. Timu ambayo mashabiki wa wapinzani walikuwa wakiiimbia kwamba inachosha ilifunga bao moja zaidi ya timu ambayo sisi tunaiita kipimo cha mpira mtamu. Na si msimu huo tu. Mwaka 1989 Graham alichukua ubingwa wake wa kwanza usiku wa Mei 26 pale Anfield, Michael Thomas alipofunga bao la pili dakika za mwisho kabisa. Arsenal na Liverpool zilimaliza zote zikiwa na pointi 76, na tofauti ya mabao ilikuwa sawa, 37 kwa 37. Kilichowapa Arsenal kombe ni mabao ya kufunga: 73 dhidi ya 65. Yaani "wachoshaji" walikuwa mabingwa kwa sababu walifunga zaidi!

Hilo jina baya lilitoka wapi basi? Hapa ndipo historia inaponoga. Msimu wa 1991/92 Graham alimnunua Ian Wright na timu ikafunga mabao 81 katika mechi 42. Lakini Novemba 1991 walitolewa na Benfica kwenye Kombe la Ulaya, nyumbani kwao Highbury, mabao 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Wachambuzi wengi huutaja usiku ule kama mwanzo wa Graham mwingine. Alianza kuwaza kutofungwa kwanza. Kiangazi cha 1992 David Rocastle, kiungo fundi aliyependwa kuliko maelezo, akauzwa Leeds. Kiangazi hicho hicho sheria nayo ikabadilika: kipa akakatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake, na timu zilizozoea kupumzika kwa njia hiyo zikakosa pa kupumzikia.

Msimu uliofuata Arsenal ilifunga mabao 40 katika mechi 42. Arobaini! Ikamaliza nafasi ya kumi. Lakini msimu huo huo ikabeba vikombe viwili vya ndani, na Mei 1994 ikaifunga Parma 1-0 kule Copenhagen na kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya. Bao moja, kisha funga mlango. Miaka hiyo mitatu ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, ikaifuta ile ya mabao 73, 74 na 81.

Kocha alikuwa yule yule na mabeki wengi wale wale, lakini uchezaji ulikuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye kubadilisha makocha, tayari tuna Arsenal mbili ndani ya kocha mmoja.

Graham alifukuzwa Februari 1995 kwa sababu ya fedha alizopokea kutoka kwa wakala wa wachezaji, si kwa sababu ya mpira wake. Akaja Bruce Rioch, ambaye vijiweni hatajwi kabisa. Rioch alikaa msimu mmoja tu, lakini ni wakati wake, mwaka 1995, ndipo Bergkamp alipowasili kutoka Inter Milan. Wenger alipokabidhiwa timu rasmi Oktoba 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani, gazeti moja la London liliandika kichwa cha habari kikiuliza huyu Arsene ni nani. Alimkuta Bergkamp yupo. Alimkuta pia kipa David Seaman na mabeki wa Graham: Lee Dixon, Nigel Winterburn, Tony Adams, Steve Bould na Martin Keown.

Wengi wetu tunafikiri Wenger aliwatupa hao akaanza upya. Hapana. Aliwabadilishia chakula na mazoezi, akawaongezea Patrick Vieira na Emmanuel Petit mbele yao, akawaambia wanaruhusiwa kutoka na mpira. Mei 3, 1998, siku ya kutwaa ubingwa dhidi ya Everton, bao la nne lilifungwa na Adams baada ya pasi ya Bould. Beki wa kati kampa pasi beki wa kati, na wote wawili ni wa Graham. Na msimu uliofuata, 1998/99, Arsenal ya Wenger iliruhusu mabao 17 katika mechi 38. Hiyo ni pungufu hata ya ile 18 ya Graham. Ilifunga 59 tu na ikakosa ubingwa kwa pointi moja. Kama tungebadilisha majina ya makocha kwenye jedwali, nani angejua?

Na Wenger naye alikuwa zaidi ya mmoja. Yule wa Vieira alikuwa na timu ya miili mikubwa na mbio kali, inanyang'anya mpira na sekunde chache baadaye Henry yuko golini kwako. Vieira alipokwenda Juventus mwaka 2005 akaja Wenger wa viungo wadogo, Cesc Fabregas, Tomas Rosicky, Alexander Hleb, wa pasi fupi fupi hadi ndani ya boksi. Hata safari yake ndefu kuliko zote Ulaya, ile ya fainali ya 2006 iliyopotea Paris mbele ya Barcelona, ilijengwa kwa kutoruhusu bao mechi kumi mfululizo. Kumi! Angefanya hivyo kocha mwingine tungesema kapaki basi.

Nikarudi nyuma zaidi, hadi kwa Herbert Chapman, aliyeanza kazi Highbury mwaka 1925. Mwaka huo sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya wapinzani watatu kati yako na goli, wakatosha wawili. Mabao yakamiminika kila uwanja, naye akamrudisha kiungo wa kati acheze kama beki wa tatu. Timu yake ikawa inavumilia mashambulizi kisha inachomoka ghafla kwa mawinga wenye kasi. Waingereza wakaichukia, wakaiita Arsenal yenye bahati, maana waliona timu moja inashambulia na nyingine ndiyo inafunga. Msimu wa 1930/31 wenye bahati hao walikuwa mabingwa wakiwa na mabao 127 katika mechi 42.

Unaona mchoro unavyojirudia? Miaka ya thelathini timu ni "ya bahati" na mabao 127. Miaka ya tisini ni "ya kuchosha" na mabao 74. Jina la mtindo huwa linatolewa na aliyekasirika, kisha linadumu kuliko mpira wenyewe.

Sasa tuje nyumbani, maana swali la kweli ni kwa nini sisi huku Bongo tumeshikilia kwamba Arsenal ya asili ni ya Wenger. Jibu langu ni rahisi: televisheni. Tanzania bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994. Graham akafukuzwa miezi michache baadaye. Wazazi na kaka zetu hawakupata nafasi ya kuizoea Arsenal yake. Waliyoizoea ni ile iliyokuja na Wenger, na kuanzia 1999 ikawa na Nwankwo Kanu, kisha Lauren, kisha Kolo Toure. Kanu alipoifunga Chelsea mabao matatu Oktoba 1999, timu ikitoka nyuma 2-0 na kushinda 3-2, kuna kaya nzima zilihamia Arsenal bila kuaga. Mimi nimezaliwa Wenger yupo, nimesoma shule ya msingi yupo, sekondari yupo. Kwa mtu kama mimi, Wenger ndiye alikuwa Arsenal yenyewe. Asili yetu inaanzia pale waya wa antena ulipofungwa.

Kuna rafiki yangu, mbishi kweli kweli, nilimpa namba hizi akanijibu: "Ndugu yangu, mimi sikulipa kiingilio cha kibanda umiza kuangalia jedwali." Hoja yake ni nzito na siwezi kuikwepa. Mabao 74 ya Graham na 73 ya Wenger si mabao ya namna moja. Bao la kona linahesabiwa sawa na bao la Henry aliyeanza kukimbia na mpira nusu yake mwenyewe, lakini halimwinui mtu kwenye benchi kwa namna ile ile. Na shabiki wa Dar es Salaam hana hisa, hana tiketi ya msimu, hana kura. Alichonacho ni zile dakika tisini na haki ya kuzipenda au kuzichukia. Ukimwambia "tumeshinda, nyamaza", unamnyang'anya hicho kimoja alichonacho.

Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni neno "siyo Arsenal", kwa sababu linafunga mjadala badala ya kuufungua. Mchukue Emery. Mwaka 2018 timu yake ilikwenda mechi 22 bila kufungwa, na watu bado walisema siyo Arsenal. Novemba 2019 akafukuzwa baada ya mechi mbovu mfululizo, hapo kosa lilikuwa wazi na lingeweza kutajwa kwa jina: timu haikujua inakaba wapi. Mchukue Arteta. Misimu yake miwili ya mwanzo timu ilimaliza nafasi ya nane, mabao 56 kisha 55. Mwaka 2021 akaletwa Nicolas Jover kufundisha mipira ya kutenga. Msimu wa 2023/24 wakafunga mabao 91, idadi ambayo Wenger hakuifikia katika msimu wowote wa ligi. Mwaka uliofuata yakashuka hadi 69.

Hapo kuna swali la haki kabisa: mabao 22 yamekwenda wapi ndani ya mwaka mmoja? Je, ni majeruhi? Ni kukosa mshambuliaji? Au kocha ameanza kuogopa, kama Graham alivyoogopa baada ya Benfica? Huo ndio ubishi ninaoutaka mimi. Una mwaka ndani yake, una watu ndani yake, na unaweza kumshinda mtu au kushindwa. "Siyo Arsenal" haiwezi kushindwa, ndiyo maana haina faida.

Na msidhani haya ni ya Uingereza tu. Simba walipolizoea "pira biriani", kila kocha aliyefuata alipimwa kwa sahani ile ile, hata kama wapishi walishauzwa. Yanga nao wana kipimo chao. Makocha wangapi wameondoka Msimbazi na Jangwani kwa kosa la kutofanana na kumbukumbu zetu?

Mtindo hurithiwa kidogo sana. Unatoka kwa wachezaji waliopo, sheria za mwaka huo, fedha iliyopo na hofu ya kocha. Kinachorithiwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu huchagua. Kwa hiyo wikiendi hii mtu akisimama mbele ya televisheni akatangaza kwamba hii siyo Arsenal, msimtukane. Muulizeni tu, kwa upole: Arsenal ya mwaka gani, kaka?