Ukonongo Walikataa Ushanga Mweupe

Ugalla, magharibi mwa Tanzania, haina pwani. Mto wake humwaga maji Malagarasi, na Malagarasi huyapeleka Ziwa Tanganyika. Bahari ya Hindi iko upande mwingine kabisa, miezi mitatu na zaidi kwa mwendo wa msafara. Hata hivyo, mapambo ya kioo na waya yalivaliwa huku zamani sana kabla ya mtindo wa siku hizi wa kuokota ufukweni vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mawimbi na kuvizungushia waya viwe vidani.

Kioo hicho kilikuja kama ushanga. Mwingi ulitengenezwa Venice, ukanunuliwa Unguja kwa frasila, kipimo cha uzito, kisha ukabebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Bara haukupimwa tena kwa mizani. Ulihesabiwa kwa kete, yaani nyuzi zilizotungwa ushanga, na kete kumi zikafanya fundo moja.

Msafiri Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857, aliandika kwamba aina za ushanga zilikaribia 400. Uliopendwa kupita wote ni samisami, mwekundu kwa nje na mweupe kwa ndani. Watu waliubandika jina la utani lenye maana ya kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili aupate.

Msafiri mwingine, Henry Stanley, aligundua umuhimu wa rangi akiwa Unguja, alipokuwa akijiandaa kwa safari ya 1871. Wafanyabiashara Waarabu walimweleza kuwa kila nchi ina rangi yake. Samisami ilipokelewa Unyamwezi. Ushanga mweusi, uitwao bubu, ulikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine haukununua kitu. Mweupe, uliojulikana kama merikani, ulikwenda vizuri Ufipa. Lakini ushanga huo ulidharauliwa Ukonongo, nchi ya jirani na Ugalla, upande wa Mpanda ya leo. Stanley akanunua magunia 22 ya aina 11 tofauti. Septemba mwaka huo msafara wake uliondoka Tabora, ukaelekea kusini na kupita humo humo Ukonongo. Tajiri mwenye magunia ya merikani peke yake angelala njaa katika vijiji hivyo, na hapo ndipo inapoonekana nguvu ya mnunuzi wa kijijini: jicho lake liliamua kitakachopakiwa Unguja.

Waya ulithaminiwa zaidi. Stanley alichukua frasila kumi za waya wa shaba ya manjano, akieleza kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ulihesabiwa kama dhahabu. Waya mnene ulisokotwa ukawa kitindi, bangili ndefu iliyouzunguka mkono kama springi ya chuma. Ule mwembamba ndio uliohitaji subira. Fundi aliuzungusha juu ya singa za mkia wa mnyama, mzunguko ukigusana na mzunguko, hadi singa zikafunikwa zote. Pambo hilo la mguuni liliitwa sambo. Shaba nyekundu nayo ilitoka Katanga, ambako Msiri, Msumbwa wa asili ya Unyamwezi, alijijengea utawala wake Bunkeya.

Baadaye rupia ya Wajerumani iliunyang'anya ushanga kazi ya fedha. Reli kutoka pwani ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1950 tawi lake likafika Mpanda kufuata madini ya risasi, na kutoka hapo mabehewa yakaanza kubeba madini kuelekea pwani, upande ule ule ambako wapagazi walikuwa wakitoka na mizigo ya waya.