Safu ya Lugha: Toleo, kizazi na marekebisho

Wauza bodi ndogo za kompyuta siku hizi huita kila kitu “toleo jipya”, na anayeumia ni mnunuzi. Toleo latokana na kutoa: ni kile kilichotolewa kwa watu, kama gazeti la leo au programu iliyosasishwa. Chipu ikibuniwa upya, semeni kizazi kipya. Ikibaki ileile, kiwanda kikaondoa kasoro au kupunguza visivyotumika, hayo ni marekebisho, na mara nyingi alama yake ni herufi na tarakimu tu.

Tazameni Raspberry Pi 5. Ilipotoka mwaka 2023 ilikuwa na chipu ya BCM2712 yenye alama C1. Ile yenye RAM ya GB 2, ya Agosti 2024, ikaja na D0, iliyopunguzwa sehemu ambazo bodi hiyo haizihitaji, ili bei ishuke. Jina la bodi ni lilelile, lakini ukichomeka kadi yenye mfumo wa zamani usioijua D0, huenda bodi isiwake kabisa! Basi kwenye tangazo andikeni “Raspberry Pi 5, chipu ya marekebisho D0”, na neno toleo liachieni mfumo ulio ndani ya kadi.