Utabiri Ulikuwa Sahihi: Joto la Chicago la Julai 1995

Kila ifikapo Juni, Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huanza kutoa matangazo ambayo sisi tunaoishi huku tumeyazoea: tahadhari ya joto kali, onyo la mvua ya radi, upepo wa kung'oa miti. Simu hulia, tunaitazama, tunairudisha mfukoni. Makala haya yanauliza swali moja la kihistoria: ikiwa utabiri ni sahihi, kwa nini watu huendelea kufa?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: watu hawakuambiwa. Katika miaka ya 1880 afisa wa jeshi aitwaye John Park Finley alikuwa akichunguza namna ya kutabiri tornado, ile tufani inayozunguka kama pia. Wakubwa wakapiga marufuku neno hilo lisitajwe katika utabiri, wakihofia kwamba lingewatia watu kiwewe. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1938. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Machi 1948, maafisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walitabiri kwamba tornado ingeweza kupiga kambi ya Tinker, Oklahoma. Jioni ile ile ikapiga. Tangu hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba mambo haya hayatabiriki. Ingetarajiwa basi kwamba mradi watu wanaambiwa, watasalimika. Chicago ilionyesha vingine.

Katikati ya Julai 1995, watabiri walitangaza mapema kwamba joto la hatari linakuja, na magazeti na televisheni zikalieneza tangazo hilo. Tarehe 13 Julai kipimo katika uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 41 za Selsiasi. Lakini kipimo hicho hakisemi yote. Kiswahili kina neno fukuto kwa joto la namna hii, lenye unyevu na lisilo na upepo. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hubaki juu ya ngozi na joto hubaki ndani. Ukijumlisha unyevu, siku ile mwili ulihisi kama nyuzi 50 na zaidi. Usiku nao haukuleta nafuu. Nyumba za matofali zilihifadhi joto la mchana kama tanuri, na waliokaa ghorofa za juu ndio walioumia zaidi.

Umeme ulikatika katika maelfu ya nyumba. Watoto na vijana walifungua mabomba ya zimamoto mitaani ili wapate kujimwagia maji, hata baadhi ya majengo yakakosa maji kabisa. Jiji lilikuwa na mpango wa dharura wa joto, lakini haukutumika mpaka watu walipokuwa wamekwisha kufa kwa wingi. Maiti zilizidi nafasi, zikawekwa ndani ya malori yenye friji. Daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti wa Cook County, Edmund Donoghue, alipotangaza idadi ya waliouawa na joto, Meya Richard M. Daley aliitilia shaka hadharani. Uchunguzi wa baadaye ulimuunga mkono daktari. Watu 739 zaidi ya kawaida walikufa katika juma moja. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikufa peke yao, nyuma ya milango iliyofungwa. Mwezi uliofuata, makumi ya maiti ambazo hazikuchukuliwa na jamaa zilizikwa katika kaburi la pamoja huko Homewood.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, mzaliwa wa Chicago, alichapisha kitabu juu ya msiba huu mwaka 2002. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na maskini wengi na wazee wengi wanaoishi peke yao, na hali ya hewa ilikuwa moja. Hata hivyo, North Lawndale walikufa watu 40 katika kila 100,000. South Lawndale walikufa 4. Maelezo yake ni kwamba North Lawndale, mtaa wa Wamarekani weusi, ulikuwa umepoteza viwanda, maduka na wakazi, na wazee wakaogopa kutoka nje. South Lawndale, wenye wakazi wengi wa asili ya Meksiko, ulikuwa na maduka na njia zilizojaa watu. Mzee alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumuulizia. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali: wahenga walikwisha kulisema.

Mwaka 1999 joto kali lilirudi Chicago. Safari hii jiji liliwahi. Lilifungua vituo vya kupumzikia vyenye viyoyozi, likatoa mabasi ya bure, likatuma askari na watumishi kubisha hodi kwa wazee. Walikufa watu 110 hivi. Bado ni wengi, lakini hawafikii hata robo ya wale wa 1995.

Joto na radi pia huandamana. Tarehe 29 Juni 2012, katikati ya wimbi la joto, mvua ya radi yenye upepo mkali ilisafiri kwa siku moja kutoka majimbo ya kati hadi pwani ya Atlantiki. Upepo uliua watu 13, wengi kwa kuangukiwa na miti. Wateja kama milioni 4 walikosa umeme, wengine kwa juma zima, na katika maeneo yaliyobaki bila umeme joto liliua watu 34. Walioponea dhoruba waliuawa na joto lililobaki nyuma yake.

Historia hii inatuhusu. Kila Agosti wanafunzi wapya hufika hapa wakiwa hawamjui mtu, na wengi hupanga vyumba vya bei nafuu, ghorofa ya juu, bila kiyoyozi. Tumezoea kusema kwamba sisi watu wa nchi za joto hatutishwi na kiangazi cha Marekani. Walioishi miaka yote Chicago walikuwa na mazoea yao pia. Napendekeza kwamba kila onyo la joto likitolewa, chama chetu kigawane majina: kila mwanachama awapigie simu wawili, na asiyepokea afuatwe mlangoni. Watabiri wanaliona wimbi la joto siku kadhaa kabla halijafika. Kubisha hodi ni kazi yetu.