Risasi ya Petroli Bado Iko Mifupani mwa Mama Zetu

Petroli yenye risasi iliondolewa vituoni Kenya mwishoni mwa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuzia magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, na habari hiyo UNEP wakaitangaza kutoka Nairobi. Wengi wakaona mambo yamekwisha. Mimi naona kuna hesabu moja ambayo haijafungwa, nayo ni ya mtoto aliye tumboni.

Kwanza, risasi ilifuata nini kwenye petroli? Injini za zamani zilikuwa zikigonga, yaani mafuta yakiwaka kabla ya wakati wake. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors, Marekani, aligundua kwamba tetraethili ya risasi, ikitiwa kidogo tu, huondoa ugonjwa huo. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa mtambo mmoja wa New Jersey waliokuwa wakiitengeneza walirukwa na akili, wakafa. Biashara ikaendelea. Spiriti nayo ilijulikana kufanya kazi ile ile, ila spiriti hakuna kampuni ingeweza kuihodhi.

Sasa tuje mwilini. Risasi iliyotoka na moshi ilivutwa na mapafu, nyingine ikatua kwenye vumbi la barabarani ambalo watoto walilichezea kisha wakatia vidole mdomoni. Ikiwa kwenye damu, hupungua nusu kwa mwezi hivi. Lakini mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, basi huiweka akiba mifupani, na huko huweza kukaa miaka 20 na zaidi. Mwanamke aliyezaliwa 1990 alikuwa na miaka 15 petroli ile ilipoondolewa. Utoto wake wote aliivuta, hasa kama kwao ni kando ya barabara ya malori.

Mwanamke huyu akishika mimba, mtoto hutaka kalsiamu ya kujengea mifupa yake. Kama chakula cha mama hakitoshi, mwili huchota kwenye mifupa yake mwenyewe, na risasi hutoka pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Wakati wa kunyonyesha uchotaji huzidi.

Mtu ataniuliza, mwajuaje kuwa imetoka mifupani na si kwenye maji au rangi ya nyumba? Mtaalamu Brian Gulson wa Australia aliwafuatilia wanawake waliohamia kule kutoka Ulaya ya Mashariki. Risasi ya kila nchi ina alama zake, na ile ya kwao haikufanana na ya Australia. Walipopata mimba na baada ya kujifungua, damu zao zilipanda risasi yenye alama za kwao walikotoka. Kwangu mimi ushahidi huo umetosha.

Madhara yake ni mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na ubongo usiokua sawasawa. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa ni salama.

Dada zangu, msiogope kuzaa kwa ajili ya haya. Risasi mifupani si kama mtu amekunywa sumu jana. Hutoka kidogo kidogo, na chakula huipunguza. Huko Mexico wajawazito waliopewa vidonge vya kalsiamu damu zao zilionekana kuwa na risasi pungufu. Kwetu kuna maziwa lala, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki. Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki mvimeze, msivifiche kabatini, kwani mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi.

Pia usiongeze nyingine juu ya ile ya zamani. Wanja wa manga mara nyingi huwa na risasi nyingi, na udongo unaouzwa sokoni kwa wenye mimba umepimwa sehemu kadhaa ukakutwa nayo. Ama aliyeishi karibu na mahali panapoyeyushwa betri za magari, kama ndugu zetu wa Owino Uhuru ambao mahakama ya Mombasa iliamuru 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, huyo amwambie daktari mapema na aombe damu ipimwe risasi. Kipimo cha kawaida cha kliniki hakiionyeshi.