Kinu cha Peirce, Washington

Katika karne ya 19 kijito cha Rock Creek, Washington, Marekani, kiliendesha vinu kadhaa vya maji. Kilichosalia ni kimoja, Kinu cha Peirce, kilichojengwa kwa mawe ya kijivu-buluu yaliyochimbwa papo hapo jirani. Juu ukutani, karibu na paa, kuna jiwe lililochongwa herufi B, I na P na mwaka 1829: Betsy na Isaac Peirce. Jiwe hilo linawataja wenye mali tu. Familia hiyo ilimiliki pia watumwa, na Aprili 1862 watumwa wa jiji walipoachiwa huru kwa sheria, fidia walilipwa mabwana.

Wageni wengi hupiga picha kuta, ila kwangu mimi utamu wa kinu hiki uko ndani. Mtambo wake unafuata ubunifu wa Oliver Evans, aliyepata hataza yake mwaka 1790. Mikanda yenye vikombe hupandisha nafaka hadi ghorofa ya juu, kisha nafaka hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye mawe. Jiwe la chini limetulia, la juu linazunguka, na hayagusani: yakigusana yanachimbana na kuharibu unga. Unga ukitoka una joto na unyevu, ukipakiwa hivyo utavunda. Kwa hiyo hupandishwa tena juu, reki kubwa ikauzungusha sakafuni hadi upoe, ndipo uchekechwe. Gunia halibebwi mgongoni kupanda ngazi. Msagaji anabaki na kazi ya kuusugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada, apime kama mawe yamekaribiana sawasawa.

Mhimili mkuu ulivunjika mwaka 1897, na usagaji wa biashara ukaishia hapo. Jengo, ambalo tayari lilikuwa ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1890, likageuzwa mgahawa wa chai. Miaka ya 1930 serikali ililikarabati na kinu kikasaga tena, unga wake ukipelekwa kwenye mikahawa ya ofisi za serikali. Mwaka 1958 kikasimama: maji yalipungua, na wasagaji wenye ujuzi hawakupatikana. Mawe yalikuwapo, mkono wa kuyaendesha haukuwapo. Kilifufuliwa baadaye, kikakwama tena mwaka 1993 mtambo ulipochakaa, hadi wapenzi wake walipochangishana fedha, mafundi seremala wakaunda upya sehemu zilizooza. Kilifunguliwa tena mwaka 2011, kikisaga mahindi mbele ya wageni.