Kwenda Kuhesabiwa

Ikifika katikati ya Desemba, swali moja huanza kuzunguka kwenye ofisi za Dar es Salaam, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye maduka ya Kariakoo: "Vipi, mwaka huu unaenda kuhesabiwa?" Anayeulizwa ni Mchaga, na anayeuliza jibu analijua. Ni utani wa nchi nzima kwa watu wa Kilimanjaro, ambao kila mwisho wa mwaka hufunga maduka, hupakia watoto na kurudi migombani kana kwamba kuna sensa kule juu na asiyekuwepo atafutwa daftarini.

Mtaniaji huenda hajui kwamba amegusa Injili. Katika masimulizi ya Luka, Yosefu alitoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa sababu Kaisari Augusto alitaka watu waandikishwe, kila mmoja katika mji wa kwao, na Mariamu akajifungua wakiwa huko. Wanahistoria wamehangaika sana na habari hiyo. Mfalme Herode anakadiriwa kufariki mwaka 4 KK, ilhali sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, inayotajwa kwenye kumbukumbu nyingine ni ya mwaka 6 BK. Isitoshe, Warumi walihesabu watu kwa ajili ya kodi. Walimtaka mtu pale alipo na mali yake, si pale walipozikwa babu zake. Kwa mtu wa Rombo, huko Kilimanjaro, hakuna fumbo hapo. Ukihesabiwa kwingine, umehesabiwa nini?

Tarehe yenyewe haimo kwenye Injili. Ushahidi wa zamani unaofahamika wa 25 Desemba umo katika kalenda iliyokusanywa Roma mwaka 354, ambayo baadhi ya orodha zake zinarudi hadi mwaka 336. Makanisa ya Mashariki yanayofuata kalenda ya Juliasi husherehekea tarehe 7 Januari. Jina nalo limetufikia kwa njia mbili: Krismasi kupitia Kiingereza, kwa maana ya Misa ya Kristo, na Noeli kupitia Kifaransa, mzizi wake ukiwa neno la Kilatini la kuzaliwa. Majina yote mawili yalipanda Kilimanjaro pamoja na wamisionari.

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji juu ya mlima huo alikuwa mmisionari, Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa mwaka 1848. Wanajiografia wa Ulaya walimcheka. Misheni za kudumu zilichelewa: mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Hawakufika peke yao. Utawala wa Wajerumani ulikuwa ukiimarisha ngome zake wakati huohuo, na tarehe 2 Machi 1900 ukamnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wenzake. Mlima ukagawanyika kimadhehebu hadi leo: Machame na Old Moshi zina Walutheri wengi, Kibosho, Kilema na Rombo zina Wakatoliki wengi.

Kitu ambacho wamisionari hawakukileta ni mkusanyiko. Huo waliukuta. Muda mrefu kabla ya kengele ya kwanza kulia, wanaume wa ukoo walikutana kuchinja, na mnyama hakugawanywa kiholela. Kichwa, mgongo, kidari, mbavu na maini vilikuwa na wenyewe: mzee wa ukoo, mchinjaji, mke mkubwa, shemeji. Mpangilio ulitofautiana kutoka Rombo hadi Machame, lakini popote pale ulimwambia mtu nafasi yake bila kutamkiwa neno. Mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu jinsi karamu hizo zilivyokuwa pia baraza: nyama ikiiva, kesi zinasikilizwa. Hii ndiyo sensa yenyewe. Mgao wako ukitajwa, upo.

Mmisionari mmoja aliuona uzito wa jambo hilo kuliko wenzake. Bruno Gutmann wa Leipzig alifika mwaka 1902, akaishi Old Moshi kwa miaka mingi, na mwaka 1926 akachapisha kitabu kinene cha Kijerumani kuhusu sheria za Wachaga. Alishikilia kwamba Kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa kuwa mtu akiondolewa humo anabaki mkavu kama jani. Wapo waliomwona mtu wa ndoto, anayetaka kuwahifadhi Wachaga kama walivyokuwa ilhali wao wenyewe walitaka shule na fedha. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipofukuzwa nchini, Gutmann akiwa mmoja wao, sharika hazikufa. Waalimu na wazee wa Kichaga waliziendesha, Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia kuanzia mwaka 1922, na Gutmann aliporudi katikati ya muongo huo alikuta waumini wanaendelea. Sikukuu ilikuwa imeshakuwa yao.

Ilibaki kupata wasafiri. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kahawa, iliyoanzia kwenye bustani za misheni, ikaingia vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Kahawa ikajenga shule, shule zikatoa makarani, waalimu na wauguzi, na wakati huohuo kihamba kikazidi kumegeka. Shamba la migomba ambalo babu alilipata zima, wajukuu wake wanne hawawezi kuishi juu yake. Kwa mila za sehemu nyingi za mlima, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Ndugu zake hutafuta maisha Arusha, Mwanza au Dar es Salaam. Desemba iliwafaa wote. Shule zimefungwa, msimu wa kahawa unaelekea ukingoni, na vuli imeacha majani ya kutosha kwa mbuzi wa ndani.

Kenya nako watu hutoka Nairobi kwenda ushago kwa wingi Desemba. Kinachowatofautisha Wachaga ni msongamano wa njia moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilomita 560, kupitia Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga, na wiki ya Krismasi tiketi huisha mapema kiasi kwamba mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, imewahi kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imelala kwa takriban miaka 25, ilirudishwa Desemba 2019.

Kule juu kazi imeanza zamani. Mbege haitengenezwi kwa siku moja. Ndizi zilizoiva sana huchemshwa mpaka zibadilike rangi na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na maji na kukamuliwa kwa majani. Ulezi, ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa, hupikwa uji pamoja na gome la msesewe linaloleta uchungu. Uji ukipoa, viwili hivyo huunganishwa, na kesho yake pombe iko tayari, ikiwa na povu zito na chembechembe za ulezi zinazobaki kwenye mdomo wa kata. Mama anayetaka mbege ya tarehe 25 lazima awe ameinjika chungu karibu wiki moja kabla. Ndiyo maana simu zake za mapema Desemba huwa na swali moja tu, mnakuja wangapi, na hapendi kujibiwa "tutaona".

Asubuhi ya sikukuu, kwenye usharika wa Kilutheri, matarumbeta hulia kabla ya ibada; ni urithi wa Wajerumani ambao vijana wa Kichaga wameufanya wao. Sadaka si pesa peke yake. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai na jogoo aliyefungwa miguu huletwa mbele, na baada ya ibada hunadiwa nje. Hapo ndipo watoto wa mjini hulipa gharama ya kutokuonekana mwaka mzima. Jogoo ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, mnunuzi anamrudisha anadiwe tena, shemeji yake anapandisha, na jogoo yuleyule anaweza kuuzwa mara nne bila kuondoka mikononi mwa mzee wa kanisa.

Nyumbani kuna mtori wa ndizi mchare, kisusio, yaani supu ya damu, kwa wanaokipenda, na nyama. Neno ndafu, ambalo leo Tanzania nzima hulitumia kwa mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa harusini, lilitoka huku, likimaanisha mbuzi aliyenoneshwa ndani ya nyumba. Mgao wa zamani umelegea. Familia nyingi hukata nyama kwa panga na kuitia sufuriani. Hata hivyo sehemu ya babu hutengwa, na mkwe mgeni hufundishwa kimyakimya asiiguse.

Wajukuu hupelekwa makaburini. Kwa Wachaga wengi wafu hulala kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, na mtoto aliyezaliwa Sinza, Dar es Salaam, hujifunza ukoo wake kwa kusoma majina kwenye saruji. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumuuliza kwa nini amemtelekeza kwa mwaka mzima.

Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hufuata kikao cha ukoo, chenye mwenyekiti, katibu na mhasibu. Ajenda hazina siri: nani kazaliwa, nani kafariki, nani anaoa, ada ya yatima, mpaka uliosogezwa. Wenye ugomvi wanapofikishwa ukingoni, mmoja anaweza kuja na jani la sale, mmea uleule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mkosaji akikuletea jani hilo, kukataa kusamehe ni kosa kubwa kuliko lile lililoleta ugomvi. Ndugu wawili ambao wamenuniana kwa miaka husimama chini ya mgomba, jani likiwa katikati, na kila mtu anajifanya anaangalia simu.

Tarehe 2 Januari mabasi yanashuka. Kwenye buti kuna mikungu ya mchare iliyofungwa kwa majani makavu, maparachichi na galoni moja ya mbege ambayo haitafika Chalinze bila kupasua kifuniko. Migombani kumebaki wazee, kitinda mimba na kata zinazoanikwa juani. Katibu wa ukoo ameketi kibarazani na daftari la kurasa 96, miwani puani, anampigia simu mjukuu aliyebaki Mwanza: mchango wake wa uzio wa makaburi haujaonekana, na jina lake bado halina alama ya vyema.